Sinema Darasani: Mafunzo ya Mzee Maruge

Imekuwa ada siku hizi katika skuli nyingi, na hata katika baadhi ya madrasa zetu, mwalimu kuwakalisha wanafunzi mbele ya sinema yenye mafunzo, kisha akawataka waandike walichojifunza. Wazee wengine wakilisikia jambo hili hughadhibika, wakasema kwamba sinema ni upuuzi na darasani si mahali pa upuuzi. Vijana nao hufurahi, kwa kuwa saa ya sinema ni saa isiyo na hesabu wala sarufi. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili hayajalitazama jambo lenyewe.

Sinema ni chombo. Kalamu iandikayo hati ya wakfu ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuandika ushahidi wa uwongo, wala hatujamsikia mwanachuoni aliyesema kalamu zivunjwe. Iliyo na uchi na maneno machafu haifai darasani wala nyumbani, na hili halina mjadala. Lakini iliyo safi, yenye kisa cha kuzingatiwa, tuiulize swali moja tu: mwanafunzi akiinuka pale alipokaa, huinuka na nini?

Aghlabu ya wanafunzi huandika: "Nimejifunza kwamba nisikate tamaa." Maneno haya ni mazuri, lakini mtu aweza kuyaandika bila ya kuitazama sinema yoyote. Machozi yaliyomtoka darasani yatakuwa yamekauka kabla hajafika nyumbani. Kwa sababu hii tumeonelea tuchukue sinema moja, tuisome kama tunavyosoma kitabu, tuone ndani yake mna nini cha kutufaa sisi watu wa mwambao.

KISA CHENYEWE

Sinema yenyewe ni The First Grader, maana yake mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ilitoka mwaka 2010, muongozi wake Justin Chadwick. Mzee ameigizwa na Mkenya mwenzetu, Oliver Litondo, na mwalimu wa kike, Jane Obinchu, ameigizwa na Naomie Harris.

Kisa chake kilitokea kweli katika nchi yetu. Mwezi wa Januari 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika skuli za msingi. Mwaka uliofuata, Januari 2004, mzee mmoja aitwaye Kimani Maruge, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 84, alikwenda katika skuli ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akataka aandikwe darasa la kwanza. Serikali imesema elimu ni ya bure kwa wote, na yeye ni katika hao wote. Alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, na katika ujana wake hakupata kuingia skuli. Akaandikwa, akakaa na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Mwezi wa Septemba 2005 alisafirishwa mpaka New York, akasema mbele ya wakubwa wa dunia juu ya haki ya watoto kusoma bila ya malipo.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilipoenea katika nchi, mali yake ikaibiwa, naye akaishi katika kambi ya waliofukuzwa majumbani mwao. Baadaye alihamia Nairobi, akapata hifadhi katika nyumba ya wazee, na huko pia akaingia skuli tena. Alifariki Agosti 2009, sinema yake haijaonyeshwa. Basi mtu huyu hakusoma ili atazamwe.

Hapa mwanafunzi azindukane na jambo moja. Sinema huongeza na hupunguza, kwa kuwa mtengenezaji ataka kuwashika watazamaji. Tunayoyaona humo si ushahidi uliotolewa mbele ya kadhi, ni kisa kilichopambwa. Mwenye akili huuliza: lipi lilikuwa, na lipi limetiwa? Mtu akizoea kuuliza hivi, basi hata khabari zimjiazo kwa simu usiku na mchana atajua namna ya kuzipokea.

SOMO LA KWANZA: ALITAKA KUSOMA MWENYEWE

Mzee Maruge alipoulizwa kwa nini ataka kusoma, alitaja sababu ambayo sisi tumeiona kuwa ndiyo roho ya kisa chote. Alitaka kukisoma kitabu cha dini yake kwa macho yake, kwa kuwa alikuwa na shaka kama mhubiri akisema yaliyomo. Tena alitaka kujua hesabu, ili fedha zake azihesabu yeye mwenyewe. Katika sinema ana barua iliyotoka ofisi ya Rais, naye hataki asomewe na mtu, ataka aisome.

Mzee huyu hakuwa Muislamu. Lakini ni nani kati yetu aliyesikia maneno haya asijitazame? Dini yetu ndiyo ambayo neno lake la kwanza kuteremka kwa Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa ni amri ya kusoma. Hata hivyo wangapi katika miji yetu wamekhitimu Qur'ani mara nyingi, nao hawaijui maana ya sura wanayoisoma katika kila rakaa? Kusoma Qur'ani kuna thawabu hata kwa asiyefahamu, hilo hatulikatai. Bali twasema kwamba asiyefahamu yu katika mikono ya yule amwambiaye maana, na kama mtu huyo ni mwaminifu au si mwaminifu, hana njia ya kumpima.

Tarehe yetu yatushuhudia. Tafsiri ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923, na aliyeiandika ni Godfrey Dale, padri wa Kikristo aliyekuwa Unguja. Ya pili ilitoka mwaka 1953, kazi ya jamaa wa Ahmadiyya, ambao wanavyuoni wetu wamekhitilafiana nao katika itikadi. Ndipo mwaka 1969 ikapigwa chapa tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Kwa muda wa miaka 46, Mswahili asiyejua Kiarabu aliyetaka kukisoma Kitabu chake kizima kwa lugha yake, alikisoma kwa maelezo ya wengine. Nafasi tuliyoiacha tupu ilijazwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona jambo hili mapema, na kwa ajili yake alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, wala hakuona ni aibu kuandika mambo ya dini kwa lugha aifahamuyo mchukuzi na mvuvi.

Na la dunia ni kama la akhera. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi, ikamtaka kila mwenye kudai ardhi katika mwambao huu apeleke madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali. Wengi hawakupata khabari, na wengine waliipata wasiifahamu. Walijua mpaka wa shamba kwa mnazi na kwa mbuyu, nayo Serikali iliujua kwa karatasi. Shida ya ardhi iliyotufikia sisi na wajukuu wa wale, sehemu yake ina mizizi hapo. Hata leo yuko mzee atiaye dole gumba katika karatasi aliyosomewa na yule yule anayetaka kununua. Mzee Maruge angalikuwa mahali pake, angaliiweka ile karatasi mfukoni akaenda nayo darasani.

SOMO LA PILI: HAYA ISIYO NA MAHALI

Katika sinema mzee aambiwa kwamba mwanafunzi hana budi kuvaa nguo za skuli. Yeye hakukasirika wala hakurudi nyumbani akakaa. Alikata suruali yake ikawa kaptula, akatafuta soksi ndefu, akarudi na fimbo yake mkononi. Watazamaji hucheka hapa. Sisi twasema hapa ndipo pa kunyamaza, kwa maana mtu wa umri ule ameuweka chini utukufu wake ili apate herufi ishirini na kitu.

Haya ni katika imani. Lakini haya imzuiayo mtu asiulize asilolijua si haya, ni kiburi kilichojifunika kanzu. Wazee wetu hukaa barazani tangu alasiri hadi magharibi wasione haya, na wakiambiwa wakae nusu saa mbele ya mwalimu aliye mdogo kwao husema, "Sisi tumekwisha zeeka." Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza dini yao wakiwa watu wazima. Sayyidna Abubakar alisilimu akikaribia miaka arobaini, na walikuwako waliokuwa wakubwa kuliko yeye. Lau wangalisema elimu ni ya watoto, dini hii isingalitufikia.

Mama zetu nao wasisahauliwe. Wengi wao walitolewa chuoni wakiwa wadogo, wakaambiwa jiko lawatosha. Leo mama huyo apewa dawa hospitali na karatasi ya maelezo, naye hungoja mwanawe arudi skuli amsomee ni vijiko vingapi.

SOMO LA TATU: ALIYESHIKA MLANGO

Watazamaji wengi humtazama mzee, wala hawamtazami aliyesimama mlangoni. Katika sinema wako wazee wa watoto waliokasirika, na wako maofisa waliosema kwamba kanuni haziruhusu. Mzee alipelekwa katika darasa la watu wazima, akawakuta wenziwe hawana hima ya kusoma, akatoka. Mwalimu Jane alihamishwa kwa sababu ya kumtetea.

Insafu yatutaka tuseme kwamba wale wazee wa watoto walikuwa na hoja. Baada ya ada kuondolewa mwaka 2003, madarasa yalifurika na walimu wakawa hawatoshi. Mtu kuogopa kwamba nafasi ya mwanawe itachukuliwa na mwenye miaka 84 si dhambi. Lakini dawa ya mlango mwembamba ni kufunguliwa mlango wa pili. Kumfukuza aliyekuja hakuupanui mlango.

Waislamu wana funzo kubwa katika jambo hili. Abdullah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, na wakati ule Mtume alikuwa akisema na wakubwa wa Kikureshi, akitumai watasilimu. Akakunja uso. Ikateremka Sura ya Abasa, ikabainisha kwamba yule aliyekuja mbio kutaka elimu ndiye aliyestahiki kuelekewa. Ikiwa haya yalisemwa kwa mbora wa viumbe, tena katika jambo lenye nia njema, je, sisi tunaomuuliza mzee kwanza ada ya mwezi, au tunaomcheka akikosea herufi, tutajibu nini?

TUTENDE NINI?

Tangu mwaka 1979 nchi yetu ina idara ya serikali iliyowekwa kwa ajili ya elimu ya watu wazima, na masomo yake watu huyaita ngumbaru. Jina hilo wengine hulitumia kwa dharau, nayo dharau hiyo imewazuia wengi kuliko ukosefu wa walimu. Misikiti yetu ina taa, ina mikeka, ina nafasi baina ya magharibi na isha. Twawaomba maimamu na kamati za misikiti watenge siku mbili katika juma kwa wazee wa kiume, na nyumba moja katika kila mtaa kwa mama zetu: kusoma na kuandika, hesabu ya duka, na maana ya sura fupi wazisomazo kila siku.

Na walimu watatoka wapi? Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliokuwa hawana fedha ya kujikomboa, nao wajua kuandika, waliambiwa kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina. Mtume (s.a.w.) hakungoja jengo wala fungu la fedha, alitazama ni nani ajuaye na ni nani asiyejua, akawakutanisha. Nasi tunao vijana waliomaliza sekondari, wanaokaa vibarazani wakingoja kazi.

KAZI YA WANAFUNZI

Mwalimu atakayeionyesha sinema hii asiwatake wanafunzi waandike "nimejifunza nisikate tamaa." Awaulize haya:

1. Katika nyumba yenu, ni nani asiyejua kusoma, na ni nani amsomeaye? Je, aliwahi kupata khasara kwa sababu hiyo?

2. Yapi katika sinema yalitukia kweli, na yapi wadhani yametiwa? Kwa nini wadhani hivyo?

3. Lau wewe ungalikuwa mzee wa mtoto katika skuli ile, ungalisema nini katika mkutano? Toa hoja za pande mbili.

4. Chagua mtu mmoja wa nyumbani kwenu, kwa ridhaa yake na kwa adabu, umfundishe kuandika jina lake na kusoma tarakimu. Mwisho wa muhula ulete alichokiandika kwa mkono wake. Alama za somo hili zitatolewa kwa karatasi hiyo.

Swali hili la nne ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo. Mwanafunzi akileta jina la nyanya yake, limepinda na herufi zimepandana, basi sinema ile ilikuwa darasa. Asipoleta kitu, wazee waliosema ni upuuzi watakuwa wamesema kweli, na sisi ndio tutakaokuwa tumewapa hoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na elimu ikaayo katika daftari isivuke kizingiti. Wabillahi taufiki.