SOMO LA AFYA YA AKILI: TUSIACHE DAWA GHAFLA

Somo letu la leo linahusu jambo linalowapata watu wengi kambini, lakini wachache wanalisema: taabu inayompata mtu anapoacha ghafla dawa za huzuni, za usingizi au za kifafa.

Wengi tulifika ukingo huu wa ziwa bila kujiandaa. Januari 2018 maelfu ya watu walikimbia mapigano ya Fizi wakavuka Tanganyika hadi pwani ya Burundi. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu wengine wakaingia nchini. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na nguo. Vidonge hubaki nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Kwao alikuwa akinywa amitriptilini kila jioni kwa miezi minane. Alipofika Gatete hakuwa na hata kidonge kimoja. Siku ya tatu akaanza kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Akisinzia kidogo, anaota ndoto za kutisha. Jirani mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema amerogwa. Yeye mwenyewe alifikiri anapata wazimu. Kumbe mwili wake ulikuwa unadai dawa uliyoizoea.

Kwa nini mwili unadai?

Dawa inayonywewa kwa miezi mingi inabadili kazi ya ubongo polepole, na ubongo nao unajipanga kufuatana nayo. Ikiondolewa siku moja, ubongo haujapata nafasi ya kujipanga upya. Ni kama mtu aliyebeba mzigo mzito begani akiegemea upande mmoja: ukiunyakua mzigo ghafla, anayumba. Ukiupunguza kidogo kidogo, anasimama sawa. Hii si dalili ya udhaifu wala ukosefu wa imani.

Dalili ni zipi?

Kwa dawa za huzuni: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, ndoto mbaya, wasiwasi, hasira za haraka, kulia bila sababu, na kwa wengine mshtuko mfupi kichwani kama wa umeme. Mara nyingi dalili huanza siku chache baada ya kuacha. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo taabu yake inaweza kuchelewa hata wiki kadhaa. Kwa wengi dalili hupungua katika wiki chache. Kwa wengine huchukua miezi.

Angalieni: homa isidhaniwe kuwa ni ya dawa tu. Mwenye homa apimwe malaria.

Je, ni ugonjwa uliorudi?

Swali hili ni la maana sana. Taabu ya kuacha dawa huja mapema, na huleta mambo mapya ya mwili ambayo mtu hakuwa nayo zamani, kama kizunguzungu na mshtuko wa kichwa. Akirudishiwa dawa na muuguzi, kwa kawaida anapata nafuu baada ya siku chache. Ugonjwa unaorudi huja polepole zaidi, baada ya wiki au miezi, na huleta huzuni ile ile ya zamani: kukosa hamu ya chakula, ya kazi na ya watu. Usiamue peke yako. Mweleze muuguzi siku uliyoacha na siku dalili zilipoanza.

Dawa ambazo ni hatari zaidi kuacha ghafla

Diazepamu, ambayo wengi wanaiita Valium, ikitumiwa kwa wiki nyingi kisha ikaachwa siku moja, inaweza kuleta kutetemeka, hofu kubwa na hata degedege. Dawa za kifafa kama fenobarbitali na karbamazepini zikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, anguko moja likifuata jingine, na mtu anaweza kufa. Mgonjwa wa kifafa asifikirie kuacha kabla ya kukaa angalau miaka 2 bila kuanguka, na hata hapo apunguze pamoja na mganga, kwa muda wa miezi.

Namna nzuri ya kuacha

1. Usiache kwa sababu tu umepata nafuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri dawa ya huzuni iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupona.

2. Panga na muuguzi. Kupunguza huchukua wiki 4 au zaidi, na kwa aliyekunywa muda mrefu, miezi kadhaa. Hatua za mwisho ndizo ngumu, kwa hiyo ziwe ndogo zaidi.

3. Chagua wakati wa utulivu. Wiki ya msiba au ya kuhamishwa kambi si wakati wa kupunguza.

4. Dalili zikizidi, rudi kituoni. Unaweza kurudishwa kwenye kipimo cha nyuma, kisha ukashuka polepole zaidi. Huko si kushindwa.

5. Ukisahau kidonge, usinywe viwili kwa pamoja. Ukikaa siku nyingi bila dawa, usianze tena mwenyewe kwa kipimo kamili, uliza kwanza.

6. Usiazime dawa ya jirani, wala usinunue ya sokoni usiyoijua.

7. Mama mjamzito asiache dawa kwa hofu. Aje azungumze nasi mapema.

Katika siku za kupunguza, lala na kuamka saa zile zile, kunywa maji, kula hata kidogo, tembea jioni. Acha pombe, hasa kanyanga: ikichanganywa na diazepamu au fenobarbitali inaweza kuzuia pumzi. Ukiwa na kizunguzungu usiende ziwani usiku kuvua, usipande mchikichi, usikae peke yako karibu na moto. Kuombewa na kunywa dawa havipingani. Fanya vyote viwili.

Kwa familia

Msimcheke wala kumwita mwendawazimu. Mwekeeni dawa mahali ambapo watoto hawafiki, kwa maana amitriptilini nyingi huua kwa kusimamisha moyo. Mkimbize kituoni haraka, mchana au usiku, akipata degedege, akichanganyikiwa, akiona vitu visivyokuwepo, au akisema anataka kufa. Anayesema hivyo asiachwe peke yake hata dakika moja.

Kabla ya safari

Kama mnahamishwa au mnarudi nyumbani, njooni kituoni kabla ya siku ya kuondoka mwombe dawa za njiani. Andikeni jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi, mkaifunge katika plastiki pamoja na kadi ya ukimbizi. Aliyefika bila dawa aseme siku ile ile anapoandikishwa. Asingoje mwili uanze kudai.

Maswali ya kujadili nyumbani

Je, kuna mtu kwetu anayekunywa dawa kila siku? Zimebaki za siku ngapi? Tukiondoka kesho, nani atazibeba?