Mteja Hana Mkono: Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha za Mikoba ya Ukili

Kwa miaka mingi niliuza mikoba ya ukili barazani kwetu, Unguja. Mteja aliushika mkoba, akaupindua, akavuta mshikio, kisha akatoa fedha. Nilipoanza kuuza kwa simu, nilidhani kazi ya picha ni kuonyesha tu kwamba mkoba upo. Dhana hiyo ilinigharimu. Wewe unayeanza na unataka kufika mbali, yachukue haya bila kuyalipia kama nilivyoyalipia mimi.

1. Jua la utosini huua rangi

Picha zangu za kwanza nilizipiga uani saa sita mchana, nikiamini kwamba jua likiwa kali ndipo picha hutoka nzuri. Rangi zikapauka, na ndani ya mkoba pakawa giza. Siku moja mawingu yalitanda, nikapiga hivyo hivyo kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Nilipozitazama picha zile nilishangaa: kila mshono ulihesabika.

Tangu hapo hupiga barazani, kivulini, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mwanga nauacha uje ubavuni, kwa sababu ndio unaoinua misuko ikaonekana. Upande wa pili nasimamisha karatasi nyeupe ya manila, irudishe mwanga kwenye kivuli. Na kwanza kabisa nafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inayoshinda mkononi haikosi mafuta ya vidole.

2. Taa ya ndani hubadili rangi

Usiku mmoja nilipiga mkoba wa zambarau chini ya taa ya manjano. Mteja akaona hudhurungi, akaagiza hudhurungi, akapokea zambarau. Nilimrudishia fedha zake pamoja na nauli ya mzigo, na hakuagiza tena.

Sasa nazima taa, nakaa karibu na dirisha. Picha ikishatoka, naiweka simu kando ya mkoba wenyewe na kulinganisha. Rangi zisipolingana, narudia. Sikubali programu ya simu iongeze wekundu ambao ukindu wa mkoba haukutiwa.

3. Mandhari isishindane na bidhaa

Nilikuwa nikitandika kanga yangu nzuri kuliko zote, kisha nikiweka mkoba juu yake. Siku moja nikapata maswali matatu ya bei, na yote matatu yalihusu kanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jicho huenda penye maua na maandishi. Ukili una nakshi zake, hauhitaji nyingine nyuma yake. Ukuta mweupe au meza ya mbao isiyo na kitu inatosha.

4. Picha haina kipimo mpaka uipe

Dada mmoja wa Dodoma aliagiza mkoba akitarajia kwenda nao sokoni. Alipoupokea, ulitosha kwa simu na pochi tu. Sikuwa nimemdanganya kwa neno hata moja. Picha yangu ndiyo iliyomdanganya, kwa sababu mkoba ulijaza fremu nzima na hakukuwa na cha kuulinganisha nao.

Siku hizi picha moja lazima iwe na mtu ameubeba begani, na chini yake naandika urefu, upana na kina kwa sentimita. Nikitaka kuonyesha msuko kwa karibu, nausogelea mkoba mwenyewe. Nikivuta picha kwa vidole kwenye kioo, ubora hupotea.

5. Onyesha hata usichojivunia

Nilizoea kuficha kitako cha mkoba, hasa ukili ulipokuwa umeungwa pale ukaacha alama. Wateja waliendelea kuuliza, mazungumzo yakarefuka, wengi wakanyamaza njiani. Nikaanza kupiga kila upande: mbele, ndani, kitako, pindo, mshikio unapoungana na mwili. Niliogopa wangekimbia. Kumbe maswali yalipungua na maagizo yakaongezeka. Aliyeona kila kitu hana cha kuogopa.

Bibi mmoja anayenishonea mikoba aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, mbona mkoba wangu umerudi?” Sikuwa na jibu. Ukindu alikuwa ameukata, akauanika, akauchemsha na rangi, akasuka ukili, kisha akaushona kwa sindano duru baada ya duru. Kazi ya siku nyingi ilirudi kwa sababu ya picha niliyoipiga kwa haraka. Kosa lilikuwa langu, hasara ikamfikia yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua simu, ushike mkoba kwanza kama mnunuzi. Angalia vidole vyako vinakwenda wapi: kwenye pindo, kitako, mshikio. Hapo ndipo pa kupiga. Mteja wa mbali hana mkono wa kugusa, anautegemea wako.