Siku Mbili Makumira kwa Familia Itokayo Ujerumani

Swali: Familia ya Kitanzania iishiyo Ujerumani italala kwa shangazi Makumira kabla ya kuendelea kwao Mbeya. Itembee wapi na watoto?

Jibu: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, yafaa kuliko zote, kwani iko jirani na Usa River, karibu na Makumira, na Maziwa yake ya Momella, yenye maji ya magadi, yaani ya chumvichumvi, hukusanya heroe wanaochuja mwani kwa midomo iliyopinda. Kreta ya Ngurdoto, shimo pana lililoachwa na volkano, hutazamwa kutoka ukingoni tu, na mbega huonekana msituni. Siku ya pili ni haki ya shangazi. Wazazi wabebe vitambulisho, kwa sababu raia hutozwa kiingilio cha chini hifadhini.