Uchaguzi wa 2027: Vidokezo 9 vya Kunasa Habari za Kweli Kabla Data Haijaisha

Kama una makundi matatu ya WhatsApp na katika mawili kuna mtu anayejiita "mchambuzi", basi unajua msimu umeanza. Agosti 10, 2027 Wakenya watapiga kura sita kwa mpigo, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wadi, na kabla ya siku hiyo mkazi wa Muthetheni, Machakos, atakuwa ametumiwa "habari za ndani" kupita kiasi. Usitishike! Si lazima uwe mwanahabari wala fundi wa kompyuta. Jizoeze kuuliza swali moja tu, "Hii imetoka wapi kwanza?", kisha ujue mahali pachache pa kuchungulia. Twende kazi.

1. Anza na jina lako

Kabla ya kubishana nani atashinda, je, wewe mwenyewe umo kwenye sajili? Tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ni iebc.or.ke. Angalia mkia huo vizuri, kwa sababu matapeli hupenda kuchomeka vistari na maneno ya ziada katikati. Mwaka 2022 uliweza kuhakiki jina kupitia verify.iebc.or.ke, au kwa SMS kwenda 70000. Safari hii, chungulia kwanza kwenye tovuti uone kama nambari ni ile ile. Sheria pia inataka sajili ifunguliwe kwa muda wa siku 30, kuanzia si chini ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, ili kila mtu ajikague. Na ukitumiwa kiungo cha "jisajili kura hapa kwa simu yako", kimbia. Kusajiliwa kunahitaji alama za vidole, na simu ya mtu usiyemjua haichukui alama za vidole, huchukua nambari yako ya kitambulisho tu. Usajili ulirejea Septemba 29, 2025 katika ofisi za maeneobunge. Kwa watu wa Muthetheni, ofisi ni ya Mwala.

2. Soma fomu, achana na kelele

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tulia kidogo. Kila kura ya urais huanza maisha yake kwenye karatasi moja iitwayo Fomu 34A, inayojazwa kwa mkono pale pale kituoni. Mwaka 2022 tume ilipachika picha za fomu hizo mtandaoni, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliweza kuzifungua. Ulibonyeza Machakos, ukaingia Mwala, ukashuka hadi wadi yako na shule uliyopigia kura, kisha karatasi yenyewe ikajitokeza: majina manne ya wagombea, tarakimu kwa mwandiko wa msimamizi, saini za mawakala na muhuri.

Ukiifungua, fanya hesabu ya dakika moja. Jumlisha kura za wagombea wote. Je, zinalingana na jumla ya kura halali? Ongeza zilizokataliwa, je, zimezidi waliosajiliwa? Waliosajiliwa nao wasizidi 700, kwa kuwa ndicho kikomo cha kituo kimoja kisheria, na ndiyo maana shule moja huweza kuwa na vituo viwili au vitatu. Mwisho, tazama saini. Mawakala wa pande hasimu wakitia saini karatasi moja, hiyo ina uzito kuliko hotuba kumi.

Utasema, "Lakini si waliopinga matokeo walidai fomu zile zilichezewa?" Walidai, na madai yakafika Mahakama ya Juu. Ukaguzi ulioamriwa na majaji haukupata tofauti kubwa kati ya picha za mtandaoni, fomu halisi na nakala za mawakala, na Septemba 5, 2022 majaji wakaidhinisha matokeo. Kwa hiyo ukiletewa "Fomu 34A ya kweli iliyofichwa" kwenye WhatsApp, tafuta ile ya kituo hicho kwenye tovuti ya tume na uziweke sambamba. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

3. Mwakilishi wadi? Mlangoni!

Tovuti ile ya 2022 ilikuwa ya kura za urais. Lakini tuambiane ukweli, kijijini moto huwaka zaidi kwa kiti cha mwakilishi wadi. Hicho kina Fomu 36A. Ya mbunge ni 35A, ya gavana 37A, ya seneta 38A, na ya mwakilishi wa kike 39A. Nakala za matokeo hubandikwa kituoni baada ya kuhesabu. Pitia jioni hiyo au asubuhi, piga picha inayosomeka (karatasi nzima, si kona!), uihifadhi. Siku mbili baadaye mtu akianza kutangaza takwimu zake sokoni, wewe unatoa simu tu.

4. Runinga zikigombana, uliza "vituo vingapi?"

Agosti 2022 ulibadilisha stesheni ukakuta mgombea mwingine ndiye anaongoza. Watu walishika vichwa: nani anadanganya? Pengine hakuna aliyedanganya. Kila chombo cha habari kilikuwa kinapakua fomu zile zile na kuzijumlisha kwa mpangilio wake, kimoja kikianzia huku na kingine kule, basi takwimu zikapishana. Hila yenyewe ni rahisi: usitazame asilimia kabla ya kutazama idadi ya vituo vilivyohesabiwa. Asilimia isiyosema imetoka vituo vingapi haikuambii kitu.

Anayetangaza rasmi ni tume peke yake. Agosti 15, 2022, pale Bomas matokeo yalipojumlishwa, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alimtangaza William Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Siku hiyo hiyo makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo! Sasa mwananchi afanyeje tume yenyewe ikigawanyika? Arudi kwenye fomu. Kisha asikilize sauti ya tatu: kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, lilikuwa limetuma watu kwenye vituo vya sampuli likafanya makadirio yake, na makadirio hayo yakakubaliana na ya tume.

5. Ogopa mishale miwili

Ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi. Ukiiona, jua kwamba aliyekutumia naye alitumiwa, na huenda hata yule aliyemtumia alitumiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Nenda Google, andika maneno matano ya kichwa cha habari, subiri sekunde kumi. Habari kubwa ya kweli haiwezi kuwa kwenye kundi la ukoo wako peke yake.

6. Nembo si chombo

Mwaka 2017, muda mfupi kabla ya uchaguzi, zilisambaa video zenye nembo za CNN na BBC zikitoa kura za maoni za Kenya. Zilikuwa bandia, na mashirika yote mawili yakazikana. Kwa hiyo ukiona nembo unayoiamini, fungua tovuti ya chombo chenyewe na uitafute habari hiyo humo. Haipo? Basi. Tiki ya buluu kwenye X nayo siku hizi hununuliwa, isikubabaishe. Akaunti ya tume ni @IEBCKenya. Kwa picha, tumia Google Lens ikuonyeshe ilikowahi kuonekana, maana umati wa 2017 hupenda kufufuka kila msimu. Ukikwama, Africa Check, PesaCheck na Piga Firimbi hufanya kazi hiyo ya kuchunguza uvumi na huchapisha majibu bure.

7. Kura za maoni: maswali matatu

Nani amelipia? Wamehojiwa watu wangapi, na lini? Kosa linaloweza kutokea ni la kiasi gani? Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inawataka wachapishaji waseme mambo hayo, na inapiga marufuku kuchapisha kura za maoni katika siku tano za mwisho. Wagombea wakipishana kwa asilimia 2 huku kosa likiwa asilimia 2.5 juu au chini, hakuna anayeongoza, hata kama kichwa cha habari kinapiga kelele. Na "utafiti mpya" ukikufikia siku mbili kabla ya kura, ufute tu.

8. Hukumu yenyewe isome

Machakos tunalijua hili vizuri. Wavinya Ndeti alipinga ushindi wa ugavana wa Alfred Mutua wa 2017. Mahakama Kuu ikamwacha Mutua kitini. Juni 2018 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha ushindi. Desemba 2018 Mahakama ya Juu ikamrudishia. Vichwa vya habari vya kila hatua vilikuwa vya kweli siku vilipoandikwa, ila aliyebaki na picha ya skrini ya Juni angeapa kwamba gavana hana kazi. Tazama tarehe, halafu ingia tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bila malipo. Usiogope urefu wake. Ruka hadi aya za mwisho zenye amri za mahakama, umemaliza.

9. Msahihishe mjomba faraghani

Umegundua aliyotuma mjomba ni uongo? Usimwumbue mbele ya shemeji zake kwenye kundi la familia. Mwandikie pembeni: "Mjomba, shikamoo. Ile uliyotuma nimeifuatilia, na hii hapa fomu yenyewe ya kituo." Tuma picha ya fomu badala ya kiungo, kwa sababu data yake haitoshi kufungua tovuti na wewe unajua. Kama kwake nyumbani kuna susu (nyanya) asiyeshika simu kabisa, mwombe amweleze kwa Kikamba, na amkumbushe kwamba kwenye Musyi FM na Mbaitu FM taarifa ya habari ni kitu kimoja na msikilizaji aliyepiga simu studio ni kitu kingine. Mjomba akijibu kwa dole gumba, umeshinda. Akijibu kwa video nyingine yenye mishale miwili, mrudishe kidokezo cha 5.