Kazi, Kodi na Hofu ya Mdororo: Kijitabu kwa Wakazi wa Kisiwa cha Mombasa

Kijitabu hiki ni cha mtu anayekaa nyumba ya kupanga Kibokoni, Kuze, Bondeni au Majengo, na riziki yake inatoka bandarini, dukani, hotelini au barabarani. Ni cha mwenye nyumba pia, hasa yule anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili vitatu. Tumekiandika kwa sababu habari za mdororo wa uchumi zinapoanza kuvuma, watu wetu hutishika kabla hawajaumia. Mtu aliyetishika hutia sahihi karatasi asiyoisoma. Huhama nyumba ambayo sheria haijamtoa. Huuza kwa bei ya kutupa mali iliyomchukua baba yake miaka thelathini kuijenga.

Wanauchumi husema nchi imeingia kwenye mdororo pale pato lake linapopungua kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana. Kenya iliyaona hayo mwaka 2020, na mwaka ule wote ukafungwa kwa upungufu wa asilimia 0.3. Ukiitazama tarakimu hiyo peke yake ni ndogo. Kwa watu wa Mji wa Kale haikuwa ndogo. Kaunti ya Mombasa ilifungiwa safari za kuingia na kutoka mwezi wa Aprili, na tarehe 6 Mei mtaa wa Mji wa Kale ukafungwa peke yake kwa takriban mwezi mzima. Muuza viungo wa Marikiti, fundi cherehani, mwongoza watalii wa Ngome ya Yesu, mama wa mahamri: wote walikatika kwa siku moja. Kwa hiyo usisubiri takwimu za taifa zikwambie kama kwako kuna mdororo. Mtaa unaweza kuanguka nchi ikiwa bado inakua.

Mji wenye mlango mmoja: bandari

Hilo la mtaa kuanguka peke yake tulilishuhudia mwaka 2019. Mwezi wa Agosti ilitoka amri kwamba mizigo inayoingia nchini kwa ajili ya Nairobi na kuendelea bara isafirishwe kwa reli mpya ya SGR, na shughuli za kuitoa zifanyike huko bara. Uchumi wa Kenya mwaka ule ulikuwa unakua. Lakini Mombasa, madereva wa malori, makuli wa maghala ya makontena, mawakala wa forodha, mafundi wa matairi, wauza chakula wa Changamwe na Miritini walianza kukaa bure. Watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba amri ile ilikiuka katiba, na tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kurudishwa kwa shughuli hizo bandarini Mombasa.

Ufuatilie mnyororo huo mpaka ndani ya nyumba. Dereva amekosa safari, mwezi wa kwanza analipa nusu ya kodi, mwezi wa pili halipi. Mwenye nyumba wake, tuseme ni mjane wa Majengo, ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati na uwa nyuma. Vyumba vinne amepangisha. Wapangaji wawili wakikwama, nusu ya pato lake imekwenda. Kisha huenda ardhi iliyo chini ya nyumba yake si yake, maana hapa kwetu maelfu ya watu wana nyumba bila ardhi na hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Naye anadaiwa. Ndiyo maana tunasema wazi: katika mji huu mpangaji na mwenye nyumba wadogo wanazama katika maji mamoja, na kugombana kwao hakumsaidii hata mmoja.

Babu zetu walidai nyumba pamoja na mshahara

Kijana anayedhani migogoro ya kazi ni jambo la juzi na ajue kwamba mji huu ndio uliowafundisha wengine. Mwishoni mwa Julai 1939 wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni waligoma, na mgomo ukaenea hadi kwa makuli wa Kilindini. Mbele ya madai yao palikuwa na pesa za nyumba: mshahara ulikuwa ukimezwa na kodi ya chumba. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Willan ilijionea yenyewe watu walivyorundikana majumbani. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na hata watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa karibu wiki mbili. Katika siku hizo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, ambacho rais wake alikuwa Chege Kibachia. Baraza la Jaji Thacker, lililousikiliza mgogoro huo, likatoa nyongeza ya mshahara. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kizuizini bara.

Tunayakumbusha haya kwa sababu dai lile limo ndani ya sheria ya leo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara, isipokuwa pale mkataba unaposema mshahara umejumlisha kodi. Itazame hati yako ya malipo. Kama hakuna mstari wa marupurupu ya nyumba na mkataba wako hausemi kwamba yamejumlishwa, unadai. Na usichanganye na ile tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara wako. Tozo inakwenda serikalini. Marupurupu yanakuja mfukoni mwako. Tumeona watu wakiambiwa tozo imechukua nafasi ya marupurupu. Si kweli.

Ukipewa barua

Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao, na huipoteza kwa siku chache tu, kwa hiyo soma polepole.

Mwajiri ana ruhusa ya kupunguza wafanyakazi biashara ikishuka. Lakini kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kimemwekea njia ya kupita. Lazima atoe taarifa kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Kama wewe si mwanachama, taarifa hiyo uletewe wewe mwenyewe kwa maandishi, na nakala kwa afisa wa kazi. Katika kuchagua nani aende atazame muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Hawezi kukuondoa kwa sababu hamwelewani na msimamizi. Juu ya hayo anakulipa notisi ya mwezi au pesa badala yake, likizo ambayo hukuichukua, na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza.

Piga hesabu mwenyewe. Mshahara wako ni shilingi 30,000 na umefanya kazi miaka 8 kamili. Ukiuhesabu mwezi kuwa siku 30, siku 15 ni shilingi 15,000. Mara 8 ni 120,000. Ongeza 30,000 za notisi. Tayari ni 150,000 kabla ya kugusa likizo. Sasa fikiria mtu huyo akiitwa ofisini saa kumi jioni, apewe bahasha ya 40,000 na karatasi inayosema hana dai lingine lolote. Usitie sahihi siku hiyo. Mwambie mwajiri kwa adabu kwamba utaisoma nyumbani, na uende nayo.

Kama umefutwa kwa kosa, sheria inataka kwanza uelezwe kosa hilo kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, na usikilizwe. Kufukuzwa getini kwa kuambiwa na askari wa zamu kwamba jina lako halipo hakujatimiza hayo. Peleka lalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu ulipofutwa. Kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapahapa Mombasa, una miaka mitatu. Baada ya hapo mlango umefungwa, hata dai lako liwe zuri namna gani.

Na kibarua? Mombasa imejengwa kwa migongo ya vibarua, na wengi wao hudhani hawana sheria. Wanayo. Ukifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi, kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinakuhesabu kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, hata kama bado unalipwa kila jioni. Kukosa mkataba wa maandishi hakukumalizi, kwa kuwa ni wajibu wa mwajiri kuuandika, na akishindwa kuuonyesha mzigo wa kukanusha maneno yako unamwangukia yeye. Lakini wewe nawe uwe na kitu mkononi. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki, kitambulisho cha getini, picha ya orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani: hivyo vinatosha kuanzia. Nakili jumbe hizo kwenye daftari kabla simu haijapotea.

Kabla ya kugoma

Haki ya kugoma imo katika katiba, kifungu cha 41. Mgomo unaolindwa, hata hivyo, una masharti: mgogoro uwe umepelekwa kwa upatanisho na ukashindikana, na chama kitoe notisi ya siku saba kwa maandishi. Julai 2015 wafanyakazi wa bandari waliacha kazi kwa hasira ya makato mapya ya bima ya afya, na shughuli zikakwama. Hasira ile ilikuwa na msingi wake, kwa sababu mshahara wa mtu ulipunguzwa machoni pake. Lakini wakati waajiri wanatafuta wa kupunguza, mgomo usiofuata utaratibu unawapa majina bure. Lipeni ada ya chama, hudhurieni mikutano, muwabane viongozi wenu watoe notisi kwa wakati.

Kodi ikichelewa

Mpangaji wa nyumba ya kuishi anayelipa mwezi kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua mwezi mmoja, kama mkataba hausemi zaidi. Mwenye nyumba hawezi kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji au kutia kufuli lake akakuacha nje na watoto. Kukutoa kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama. Dalali anayekuja kuchukua vyombo lazima awe na leseni. Mwombe akuonyeshe, na usione haya kufanya hivyo mbele ya majirani.

Hata hivyo tunakushauri uende kwa mwenye nyumba kabla hajakujia. Nenda siku unayojua mshahara hautaingia, umwambie ukweli, mkubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi, na mkiandike. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi na sahihi mbili itawaokoa wote wawili. Kama nyumba ni ya wakfu, kama zilivyo si chache Mji wa Kale, ombi liende kwa Tume ya Wakfu kwa barua, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Wenye maduka ya Barabara ya Biashara, Ndia Kuu na vichochoro vyake wana ulinzi wao. Kama huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako hauzidi miaka mitano, upangaji wako unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila notisi rasmi ya miezi miwili. Ukiipokea, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, kisha ufungue shauri katika baraza la kodi za biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Ukinyamaza, umekubali. Na wewe uliyetoa kilemba kikubwa kuingia dukani, fahamu kwamba nyakati hizi kilemba hushuka haraka kuliko kodi. Usikope kwa kukitegemea.

Usiuze kwa pupa

Nyumba za mawe za Mji wa Kale, eneo lililotangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1990, huharibika kwa mtindo uleule. Dari huvuja, maji hufika kwenye vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani, boriti huoza mahali pasipoonekana, na chokaa hubanduka vipande vipande. Pesa zikiadimika, mwenye nyumba huahirisha kuziba dari. Baada ya masika mbili tatu nyumba inakuwa ya hatari, naye anakubali bei yoyote. Wanunuzi wanaosubiri saa hiyo wapo, na wana subira. Ikiwa una pesa ya tengenezo moja tu mwaka huu, ziba dari. Kabla ya kubomoa au kubadili chochote, pita ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale. Na nyumba ya urithi isiuzwe na ndugu mmoja kabla mirathi haijagawanywa, hata awe na dhiki kiasi gani. Kesi za namna hiyo hula bei yote na udugu pia.

Mikopo ya simu

Kopa kwa ajili ya biashara inayozunguka, usikope kulipa kodi ya mwezi huu kwa mkopo utakaodaiwa mwezi ujao. Tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na kanuni zinawakataza kukutisha au kuwapigia jamaa zako walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo, hifadhi ujumbe na uwashtaki. Mchezo wa kuchangiana pesa wa kina mama wa mtaani, wenye daftari na watu mnaojuana, bado ni salama zaidi kuliko mkopo wa usiku wa manane.

Ikiwa barua ya kufutwa au notisi ya kuhama imo mkononi mwako wakati unasoma haya, angalia tarehe yake kwanza, kisha hesabu siku ulizobakiwa nazo. Afisa wa kazi hakutozi pesa kukusikiliza. Nenda wiki hii, na ubebe karatasi zako zote.