Panga bakapu ya ofisi yako wiki hii

Ofisi yako ina kompyuta tatu au nne, printa moja, na mahesabu yote yamo kwenye mashine ya mhasibu. Mashine hiyo ikiibiwa usiku wa leo, kesho asubuhi mtaanzia wapi? Kama huna jibu, tenga alasiri moja. Huhitaji seva wala fundi wa kudumu. Hifadhi ya wingu unayoijua tayari kwa picha za simu, iwe Google Drive, OneDrive au Dropbox, inaiweza kazi hii ukiipanga vizuri.

Shika jambo moja kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kusawazisha faili si kuziwekea akiba. Folda ya Drive kwenye kompyuta hufuata kila unachokifanya: ukifuta faili huku, na kule inafutika. Kirusi kikizifunga faili zako kikadai fedha, zitakazopanda winguni ni hizo hizo zilizofungwa. Google Drive hukaa na kilichofutwa kwa siku 30 kwenye kapu la taka, na OneDrive ya mtu binafsi vivyo hivyo. Ukigundua baada ya hapo, umeshachelewa. Unachohitaji ni nakala za tarehe mbalimbali ambazo hakuna mfanyakazi anayezigusa.

Pima mzigo wako. Fungua sifa za kila folda ya kazi uone ina ukubwa gani, kisha jumlisha. Google hutoa GB 15 bure, OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Mikataba, barua na majedwali ya Excel hayali nafasi kubwa. Picha na video ndizo zinazoimaliza, kwa hiyo zitenge mapema uamue zipi zinastahili kulindwa.

Usitumie akaunti ambayo wateja wanakuandikia. Zile GB 15 za Google zinagawanywa na Gmail pamoja na picha, na nafasi ikijaa barua pepe mpya haziingii. Fungua akaunti nyingine kwa jina la ofisi, kazi yake iwe bakapu tu.

Akaunti hiyo iwe mali ya ofisi kweli. Isiwe ya karani, wala ya mpwa wako aliyekuja kukuwekea kompyuta. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mwenye ofisi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, chapisha namba za dharura zinazotolewa hapo, nakala moja ifungiwe kabatini na nyingine ikae nyumbani. Ingia kwenye akaunti mara kwa mara pia, kwa sababu Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Nafasi ya bure isipotosha, lipia. Google One ina kifurushi cha GB 100, na ofisi nyingi ndogo zinakaa humo bila shida. Ukipendelea Microsoft, soma masharti kabla ya kutoa pesa: Microsoft 365 Personal ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Business Basic ndiyo ya ofisi, na humpa kila mtumiaji TB 1.

Sasa weka programu ya kufanya kazi yenyewe. Mimi ningeanza na Duplicati, ambayo ni ya bure. Unaionyesha folda za kulinda, unaichagulia Drive, OneDrive au Dropbox, unaweka nywila, basi. Huzifunga faili kwa nywila hiyo kabla hazijatoka kwenye mashine yako, na baada ya safari ya kwanza hupeleka mabadiliko tu. Kwenye muda wa kutunza nakala, chagua mpangilio unaobakiza nakala moja kwa kila siku ya wiki iliyopita, moja kwa kila wiki ya mwezi uliopita, na moja kwa kila mwezi wa mwaka uliopita. Hapo hata kosa la miezi mitatu nyuma unaweza kulirekebisha.

Ipangie saa saba mchana, watu wakiwa wanakula. Saa nane usiku inapendeza kwenye karatasi, lakini ofisi nyingi huzima kompyuta jioni, na bakapu iliyopangwa usiku haifanyiki kwa saa yake.

Nywila ya Duplicati iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na zile namba za dharura. Ikipotea, hakuna kampuni wala fundi atakayekufungulia.

Faili za uhasibu zinataka uangalifu wa peke yake. Usiiweke faili hai ya QuickBooks ya mezani au folda ya data ya Tally ndani ya folda inayosawazishwa. Programu inaandika humo muda wote, na usawazishaji ukiingilia katikati data inaweza kuharibika. Programu zote mbili zina amri yao ya kutengeneza nakala. Mhasibu aitumie kila siku kabla ya chakula, nakala iangukie kwenye folda moja, na Duplicati iichukue hapo. Faili za PST za Outlook nazo zisikae kwenye folda ya kusawazisha.

Safari ya kwanza ndiyo ndefu, na kasi inayohesabika ni ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya kupakua. GB 50 kwa kasi ya Mbps 5 huchukua kama saa 22. Kwa Mbps 2 ni zaidi ya siku mbili. Anza Ijumaa jioni, zuia kompyuta isilale, na usithubutu kwa bando la simu. Kama umeme wa kwenu unakatika ovyo, peleka folda moja moja, ukianza na mahesabu.

Ongeza diski ya nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwingineko katika ukanda huu. Siku kama hiyo, nakala iliyoko winguni tu haikusaidii. Kila Ijumaa nakili folda muhimu kwenye diski, ichomoe, mwenye ofisi aende nayo nyumbani. Diski inayoachwa imechomekwa hupata kirusi kile kile, na mwizi huiondoa pamoja na kompyuta.

Kama unatunza nakala za vitambulisho au taarifa za wagonjwa, sheria ya kulinda taarifa binafsi inakuhusu: Kenya ina ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Soma inachotaka kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Na usigawe folda yoyote ya ofisi kwa kiungo kinachofunguka kwa kila anayekipata.

Kisha jaribu kurejesha. Wengi huishia kwenye alama ya kijani na kuamini. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, chagua faili yoyote, irejeshe kwenye kompyuta tofauti, uifungue. Nakala ya mahesabu irejeshwe ndani ya programu yake, pembeni ya kampuni halisi, ulinganishe salio la mwisho. Andika tarehe na aliyefanya.

Mwezi unaofuata mwachie mwenzako zoezi hilo ukiwa haupo, na nywila aitoe kabatini mwenyewe. Popote atakapokwama, andikeni hatua hiyo kwa lugha nyepesi, muibandike ndani ya mlango wa kabati.