Parasetamoli Ikizidi: Jinsi Seli za Ini Zinavyokufa na Dawa Inayoziokoa

Parasetamoli ni dawa inayopatikana karibu katika kila nyumba. Hununuliwa bila karatasi ya daktari, humezwa kichwa kinapouma na hupewa mtoto anapopata joto. Ikitumiwa kwa kipimo kinachofaa, ni miongoni mwa dawa salama zaidi za maumivu. Kipimo kikizidi, dawa hiyo hiyo huua seli za ini.

Hatari yake kubwa imejificha. Mtu aliyezidisha kipimo anaweza kujisikia mzima siku nzima ya kwanza, ilhali ini lake limeanza kuharibika. Saa hizo za mwanzo ndizo ambazo tiba hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo, ni muhimu kila mkazi afahamu kinachotokea ndani ya ini, na kwa nini hafai kungoja augue ndipo aende hospitalini.

Jiko lililo ndani ya seli

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya seli kuna viungo vidogo sana viitwavyo mitokondria. Seli moja ya ini huwa na mitokondria kati ya 1,000 na 2,000. Kazi yake inafanana na ya jiko: virutubishi vya chakula huunguzwa humo kwa kutumia oksijeni, na kutokana na kuungua huko hupatikana ATP. Hiyo ATP ndiyo nishati ambayo seli hutumia kujenga protini, kusawazisha chumvi na maji, na kujikarabati.

Kama jiko la makaa, mitokondria hutoa cheche. Cheche hizi ni molekuli kali za oksijeni ambazo huharibu chochote zinachogusa. Seli hujikinga kwa kemikali iitwayo glutathioni, ambayo hutengenezwa na seli yenyewe kutokana na asidi amino tatu. Mojawapo ni sisteini, yenye salfa. Salfa hiyo ndiyo huzima cheche na kukamata sumu nyingi zinazopita katika ini.

Njia ya parasetamoli mwilini

Parasetamoli ikifika katika ini, sehemu kubwa hufungwa pamoja na sukari au salfeti na kutolewa kupitia mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hubadilishwa na vimeng'enya vya ini kuwa sumu inayojulikana kitaalamu kama NAPQI. Kwa kipimo cha kawaida, glutathioni huikamata sumu hiyo mara moja, nayo hutoka kwenye mkojo.

Mtu akimeza kupita kiasi, njia zile salama hujaa. Parasetamoli nyingi zaidi hugeuzwa kuwa sumu, na glutathioni hutumika haraka kuliko inavyotengenezwa. Akiba inapopungua kwa takriban asilimia 70, sumu hukosa wa kuizuia, na matukio haya hufuata:

1. Sumu hunasa kwenye protini za seli, hasa zile za mitokondria.
2. Mitokondria zilizojeruhiwa hutoa cheche nyingi zaidi, wakati ambapo kinga ya kuzizima imekwisha.
3. Matundu hufunguka katika utando wa mitokondria. Maji huingia, mitokondria huvimba, na utengenezaji wa ATP husimama.
4. Protini ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya mitokondria huvuja, huingia katika kiini cha seli na kuikatakata DNA.

Seli iliyofika hapo haiwezi kupona. Kuna kifo cha seli chenye utaratibu, ambapo seli hujivunja polepole na mabaki yake kuondolewa bila fujo. Kifo cha namna hiyo huhitaji ATP, na hapa ATP imekwisha. Seli ya ini hivyo hupasuka na kumwaga yaliyomo. Vimeng'enya vyake huingia katika damu, na ndivyo maabara hupima ili kujua kiasi cha uharibifu.

Kwa nini mgonjwa hujisikia mzima

Ini ni kiungo kikubwa chenye akiba nyingi ya seli, na maumivu hayaji seli za kwanza zinapokufa. Kwa kawaida dalili huenda hivi:

Siku ya kwanza: kichefuchefu, kutapika na uchovu, au kutokuwa na dalili yoyote.

Siku ya pili na ya tatu: kichefuchefu kinaweza kupungua na mtu akadhani amepona. Baadaye maumivu huanza upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu.

Siku ya tatu na ya nne: uharibifu hufika kilele. Macho na ngozi huwa manjano, damu hukosa kuganda vizuri, figo zinaweza kushindwa na mgonjwa kuchanganyikiwa. Baadhi hufariki. Wanaovuka kipindi hiki mara nyingi hupona kabisa, kwa kuwa ini lina uwezo wa kukuza seli mpya.

Dawa inayoziokoa seli

Mwaka wa 1966 madaktari nchini Uingereza walichapisha habari za wagonjwa ambao ini lao liliharibiwa na parasetamoli. Mwaka wa 1973 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba uharibifu huanza glutathioni inapokwisha. Swali likawa jinsi ya kuirudisha. Glutathioni yenyewe haiingii kwa urahisi ndani ya seli, kwa hiyo kumpa mgonjwa moja kwa moja hakufai sana.

Jibu lilipatikana katika dawa iliyokuwa ikitumika tayari kulainisha makohozi, nayo ni asetilisisteini. Dawa hii huingia mwilini na kutoa sisteini, ile asidi amino yenye salfa, na seli za ini huitumia kutengeneza glutathioni mpya. Harufu yake ya mayai viza hutokana na salfa hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, madaktari wa Edinburgh walikuwa wameonyesha kwamba ikitolewa mapema kupitia mshipa huzuia uharibifu wa ini. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Muda ndio unaoamua. Ikianzishwa kabla ya saa 8 kupita tangu mtu ameze dawa, karibu kila mgonjwa huepuka uharibifu mkubwa wa ini. Baada ya hapo manufaa hupungua kadiri saa zinavyopita, ingawa hata aliyechelewa bado anafaa kutibiwa. Asetilisisteini huzilinda seli zilizo hai. Haiwezi kufufua zilizokufa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hakuna chakula, kinywaji wala dawa ya mitishamba inayoweza kuchukua nafasi ya tiba hii.

Jinsi kipimo huzidi bila kukusudia

Mtu mzima hafai kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, zikigawanywa na kuachiwa nafasi ya angalau saa 4. Kipimo huzidi kwa njia hizi:

Kuchanganya dawa. Dawa nyingi za mafua, za mgongo na za maumivu ya hedhi zina parasetamoli ndani yake. Anayezimeza pamoja na tembe za parasetamoli huhesabu mbili akiwa amemeza nne. Pakiti isomwe, na neno Paracetamol au Acetaminophen litafutwe.

Kurudia dawa kwa sababu maumivu hayaishi. Jino linalouma kwa siku tatu linahitaji daktari wa meno, na joto lisiloshuka linahitaji kipimo cha malaria na magonjwa mengine. Kuongeza tembe hakutibu chanzo.

Kukadiria dawa ya mtoto. Dawa ya maji huja kwa makali tofauti: kuna yenye miligramu 120 katika mililita 5, na yenye miligramu 250. Mtoto hupimiwa kwa uzani wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Kitumike kijiko au bomba la kupimia lililokuja na chupa.

Ini lililodhoofika. Wanaokunywa pombe kila siku, wasiokula vizuri kwa muda mrefu, na wanaotumia dawa za kifua kikuu au baadhi ya dawa za kifafa wanaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Wamuulize mhudumu wa afya kipimo kinachowafaa.

Hatua za kuchukua

Ikishukiwa kwamba mtu mzima au mtoto amezidisha kipimo:

Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hana dalili. Kituo kisichokuwa na dawa kitampa rufaa, na ndiyo sababu ya kutopoteza muda nyumbani.

Pakiti au chupa zote zibebwe, na saa aliyomeza itajwe. Daktari hutumia saa hiyo kuamua tiba. Kiwango cha dawa katika damu hupimwa kuanzia saa 4 baada ya kumeza.

Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa, mafuta au makaa ya jikoni.

Aliyemeza kwa kukusudia asiachwe peke yake wala asilaumiwe. Wahudumu waelezwe ukweli, kwa kuwa anahitaji tiba ya ini na pia msaada wa ushauri nasaha.

Nyumbani, dawa zihifadhiwe mahali pa juu palipofungwa, mbali na watoto. Mkazi mwenye swali kuhusu kipimo anaweza kumuuliza mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au mhudumu wa duka la dawa kabla ya kulipa.